Kati ya karatasi na sahani: jinsi ya kumlinda mzee asisakamwe na chakula katika makao ya wazee Marekani

Ripoti za wakaguzi wa makao ya wazee nchini Marekani ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma, na zile zinazohusu vifo vya kusakamwa na chakula zinafanana kwa namna inayoudhi. Mzee alikwisha kupimwa. Ilijulikana kwamba hawezi kumeza chakula kigumu, na agizo likaandikwa: mlo wa kusagwa, asiachwe peke yake mezani. Kisha jioni moja akaletewa sandwichi, au soseji nzima, na aliyepaswa kukaa naye yuko chumba kingine akimhudumia mwenzake. Karatasi ilikuwa sahihi, sahani ikakosea.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye na mama, baba, babu au bibi katika makao hayo. Ni wako pia unayefanya kazi humo kama msaidizi wa wauguzi, wale wanaoitwa CNA. Katika jamii zetu za Minneapolis, Dallas, Louisville au Boston mara nyingi ni mtu yuleyule: mchana analisha wazee wa watu, usiku anamuwazia wa kwake. Kazi tuliyo nayo hapa ni kuziba lile pengo kati ya kilichoandikwa na kinachofika mezani.

Kwa nini mzee hupaliwa upesi

Mtu anapomeza, njia ya hewa hufungwa kwa muda mfupi sana ili tonge lipite upande wake. Hilo linahitaji misuli yenye nguvu na ubongo unaotoa amri kwa wakati. Kiharusi huivuruga amri hiyo, na ugonjwa wa Parkinson huichelewesha. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kujaza mashavu na kusahau kwamba ana kitu mdomoni, au akabugia kipande chote kwa mkupuo. Ongeza hapo meno ya bandia yaliyopotelea kwenye nguo za kufuliwa, jambo la kawaida kuliko unavyodhani. Ongeza dawa za kutuliza zinazomfanya asinzie mezani, nyingine zinazomkausha mate, na msaidizi mmoja mwenye wazee wengi wa kulisha kabla ya zamu kwisha.

Hatari ziko mbili. Ya kwanza ni kusakamwa: tonge linaziba njia ya hewa, mtu hatoi sauti, na ndani ya dakika chache ubongo unaanza kufa. Ya pili inakwenda polepole. Chakula au kinywaji kinavujia mapafuni kidogo kidogo, wakati mwingine bila hata kikohozi, na baada ya siku kadhaa unaambiwa mzee ana nimonia. Hii ya pili watu huiona kama ugonjwa wa uzee tu. Ichukulie kama taarifa kwamba kumeza kwake kumebadilika.

Kwa ukubwa wa tatizo, takwimu za Baraza la Taifa la Usalama la Marekani za mwaka 2015 zinahesabu vifo 5,051 vya kusakamwa nchini humo. Kati ya hivyo, 2,848 vilikuwa vya watu waliopita umri wa miaka 74.

KISANDUKU: Dalili za kuripoti siku hiyohiyo

☐ Anakohoa au kusafisha koo kila anapokula au kunywa
☐ Sauti yake inakuwa na majimaji, kama inatoka chini ya maji, baada ya kumeza
☐ Chakula kinabaki shavuni dakika kadhaa baada ya mlo
☐ Mate au kinywaji kinamtoka pembeni mwa mdomo
☐ Mlo unachukua muda mrefu kuliko zamani, au ameanza kukataa nyama na mkate
☐ Anapungua uzito bila sababu
☐ Homa au nimonia inayorudi

Ukiona hata moja, mwambie muuguzi wa zamu kwa maneno haya: naomba apimwe kumeza na mtaalamu. Mtaalamu huyo ndiye yule wa usemi na umezaji. Muuguzi anaweza kuchunguza kwa macho, lakini upimaji wenyewe ni kazi ya mtaalamu.

Dai namba, usikubali neno "laini"

Kwa mpishi mmoja chakula laini ni ndizi iliyoiva, kwa mwingine ni mkate mweupe. Ndiyo maana kuna mfumo wa kimataifa wa namba, IDDSI, ambao wataalamu wa lishe wa Marekani waliupokea rasmi kuanzia Oktoba 2021 badala ya majina ya zamani. Una ngazi kuanzia 0 hadi 7. Vinywaji viko 0 hadi 4, kutoka maji ya kawaida hadi kizito kabisa, na vyakula viko 3 hadi 7. Zinazokuhusu zaidi ni hizi:

- 4: chakula kilichosagwa kabisa, hakina vipande, hakihitaji kutafunwa.
- 5: kimesagwasagwa na kulowanishwa. Vipande havizidi milimita 4, yaani nafasi iliyo kati ya meno ya uma.
- 6: laini, vipande visivyozidi sentimita 1.5, na ukikibonyeza kwa uma kinapondeka na hakirudi umbo lake.
- 7: chakula cha kawaida.

Mkate wa kawaida na sandwichi havimo katika ngazi ya 5 wala ya 6, isipokuwa mtaalamu amempima mzee na kuruhusu. Mkate ukikutana na mate unakuwa donge linaloganda kooni. Watu wengi, wakiwamo wapishi wa makao yenyewe, hawaamini hivyo mpaka waoneshwe.

Kabla ya kusaini

1. Fungua Care Compare kwenye tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, na uandike jina la makao. Utaona nyota 1 hadi 5. Usishike nyota za jumla. Tazama za wafanyakazi, na hasa idadi yao ya Jumamosi na Jumapili. Ukiona alama ya mkono kwenye duara jekundu, makao hayo yamewahi kukutwa na kosa la unyanyasaji.

2. Soma ripoti ya mwisho ya wakaguzi. Sheria inayataka makao yaiweke mahali ambapo mkazi na mgeni wanaweza kuisoma bila kuomba. Tafuta mahali panapotaja kulisha, usimamizi wa mlo na kumeza.

3. Omba kuoneshwa, usiishie kuambiwa. Mashine ya kufyonza makohozi na chakula iko wapi, na inafanya kazi? Nani katika chumba cha chakula amefunzwa kumwokoa mtu anayesakamwa? Na swali ninaloliona kuwa bora kuliko yote: daktari akibadilisha mlo Ijumaa jioni, mpishi wa Jumamosi asubuhi anajuaje? Mtu akikujibu moja kwa moja, hatua kwa hatua, hiyo ni dalili njema. Akisema "tunawasiliana vizuri", endelea kutafuta.

4. Mkataba wa usuluhishi usiusaini kwa haraka. Katika rundo la fomu huwamo karatasi inayosema kwamba ukiwa na malalamiko hutakwenda mahakamani, mtasuluhishwa faraghani. Tangu mwaka 2019 kanuni za shirikisho zinayakataza makao kukulazimisha uisaini kama sharti la kumpokea mzee. Ukiwa umeshasaini, una siku 30 za kujitoa.

5. Andaa hati ya uwakilishi. Bila hati inayokutambua kuwa msemaji wa mzee katika mambo ya afya, utazungushwa kila utakapoomba rekodi. Iandaliwe mzee akiwa bado na akili timamu ya kuamua.

Kuna jambo la wafanyakazi ambalo ni vizuri ulijue mapema. Kanuni za shirikisho zinataka muuguzi aliyesajiliwa awepo saa 8 mfululizo kila siku, na muuguzi mwenye leseni awepo saa zote 24. Kwa wasaidizi zinasema tu wawe "wa kutosha". Mwaka 2024 serikali ilitangaza kiwango cha lazima cha saa 3.48 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, na mahakama huko Texas ikakibatilisha Aprili 2025. Kwa hiyo mikono iliyoko mezani utaihesabu mwenyewe.

ONYO. Haki nyingi utakazozisoma hapa zinatokana na sheria ya mwaka 1987 na zinayahusu makao ya uuguzi yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid, ile ya watu wa kipato kidogo. Nchi nzima yako takriban 15,000. Nyumba ndogo za malezi za watu binafsi, na zile za wazee wanaojitegemea kwa msaada kidogo, ziko chini ya sheria za jimbo peke yake, na mara nyingi ni legelege. Uliza kwa uwazi: leseni yenu ni ya aina gani?

Karatasi yenyewe

Ndani ya saa 48 za kupokelewa, mzee anapaswa kuwa na mpango wa awali wa huduma. Tathmini kamili hufanyika ndani ya siku 14, na mpango kamili hukamilishwa ndani ya siku 7 baada ya hapo. Halafu unapitiwa upya kila miezi mitatu. Una haki ya kuwamo kwenye kikao, hata kwa simu ukiwa Mombasa au Muscat.

Usiende mikono mitupu. Andika ukurasa mmoja: hupaliwa na nini, hula kwa kasi gani, ana meno mangapi, aliwahi kupata kiharusi lini, hupenda nini, hakubali nini. Kisha hakikisha mpango unajibu maswali haya bila kubabaisha:

☐ Namba ya chakula
☐ Namba ya kinywaji
☐ Nani anakuwa naye mezani: mtu mmoja kwa mmoja, au mtu anayewaangalia kadhaa?
☐ Anakaaje wakati wa kula, na kwa muda gani baadaye
☐ Vidonge anamezaje: vizima, vimepondwa, au vimebadilishwa kuwa vya maji? (Si kila kidonge kinaruhusiwa kupondwa.)
☐ Meno ya bandia na miwani vinawekwa wapi kabla ya mlo

Omba nakala. Rekodi una haki ya kuziona ndani ya saa 24 za siku za kazi, na nakala ndani ya siku 2 za kazi, ukiwa mwakilishi wake.

Kuna wakati wa hatari kuliko mwingine wowote: siku mzee anaporudi kutoka hospitali. Huko walibadilisha mlo, agizo jipya liko kwenye bahasha, bahasha iko mezani kwa mapokezi, na jikoni bado wana kadi ya zamani. Siku hiyo uwepo wewe au ndugu yako, na kadi ya sinia, ile inayokuja na chakula ikieleza mlo wake, muisome kwa macho yenu.

Halafu lugha. Mzee wetu mwenye ugonjwa wa kusahau huweza kupoteza Kiingereza chote akabaki na Kiswahili, au na Kikamba, Kichaga au Kifuliiru alichokulia. Hawezi kumwambia msaidizi kwamba tonge limemkwama. Bandika kadi kitandani na kwenye kiti chake yenye maneno manne au matano jinsi yanavyotamkwa: meza, polepole, fungua mdomo, umepaliwa? Makao yanayopokea fedha za shirikisho yanapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Usikubali mjukuu wa miaka 12 afanywe mkalimani wa kikao cha daktari.

Mzee naye ana haki ya kukataa. Vinywaji vilivyokolezwa havipendwi, na wapo wanaoacha kunywa kabisa wakaishiwa maji mwilini. Akiwa na akili timamu na akasema afadhali chai yake nyepesi pamoja na hatari yake, hilo ni chaguo lake. Makao yanapaswa kumweleza hatari, kuandika uamuzi wake, na kuendelea kumkinga kwa njia nyingine: akae wima, anywe kidogo kidogo, awe na mtu pembeni. "Alikataa" haiwi sababu ya kumwacha peke yake.

Nenda saa ya chakula

Familia nyingi hutembelea Jumapili alasiri, kati ya milo, mzee amevishwa vizuri na chumba kinanukia sabuni. Kwa habari tunayoitafuta, ziara hiyo haikuoneshi kitu. Nenda saa 11 jioni siku ya kazi, au Jumamosi asubuhi, bila kutoa taarifa. Kanuni za shirikisho zinamruhusu mkazi kuonana na familia yake wakati wowote, mradi mwenyewe ameridhia.

☐ Kadi ya sinia na chakula kilicho kwenye sahani vinalingana?
☐ Mzee ameketi wima, nyonga zimegusa nyuma ya kiti, kichwa hakijaangukia nyuma?
☐ Yuko macho kabisa? Anayesinzia halishwi.
☐ Meno yako mdomoni?
☐ Msaidizi ameketi, yuko usawa wa macho yake, au anamlisha akiwa amesimama huku anaangalia saa?
☐ Kijiko ni kidogo, na tonge la pili linasubiri la kwanza limezwe?
☐ Televisheni imezimwa?
☐ Baada ya mlo, kinywa kimeangaliwa na kusafishwa?
☐ Amebaki wima angalau dakika 30?
☐ Mzee wa meza ya jirani anaweza kumpokonya, au kumgawia, chakula chake?

Hilo la mwisho husahaulika. Mwenye kusahau hula chochote kilicho karibu. Hata unga wa kukolezea vinywaji ni hatari: Februari 2015 huduma ya taifa ya afya ya Uingereza (NHS England) ilitoa tahadhari nchi nzima baada ya mkazi wa makao ya wazee kufa kwa kumeza unga huo mkavu. Kopo lake likae kabatini.

Chakula cha nyumbani

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi wenyewe huwa chanzo. Mama amekaa miezi sita anakula viazi vya kusagwa visivyo na chumvi. Unamletea chapati na mchuzi wa nyama, anafurahi, unafurahi, na hukumwambia mtu yeyote. Kesho yake umeacha chapati mbili kwenye kabati lake.

Chapati hufanya kama mkate: inalowa na kuwa donge. Mandazi vilevile. Wali unaoachana punje haufai ngazi ya 5 mpaka ushikwe na mchuzi mzito. Ugali mkavu unanata. Nyama ya kuchoma na mishkaki ni vya ngazi ya 7 tu. Samaki wa miiba asahaulike. Uji unaonekana salama, lakini mwembamba kwa mtu aliyeandikiwa kinywaji kizito ni hatari kama maji, na wenye mabonge ni hatari kwa upande mwingine.

Fanya hivi:

1. Soma utaratibu wa makao kuhusu chakula kinacholetwa na wageni. Wanalazimika kuwa nao.
2. Pika vyakula vitatu au vinne anavyovipenda, uvipeleke kwa mtaalamu wa umezaji, naye avipime mbele yako kwa uma na kijiko. Matoke yaliyopondwa kwa mchuzi, maharage ya nazi yaliyosagwa na kuchujwa maganda, boga, mchicha uliosagwa: mengi yanaweza kupita.
3. Omba vilivyokubaliwa viandikwe kwenye mpango wa huduma.
4. Mlishe mwenyewe, na ukimaliza ondoka na kilichobaki.
5. Wape wageni wote taarifa, pamoja na akina mama wa kanisani na wazee wa msikitini, ambao huja na vyombo vyao kwa nia njema kabisa.

Kwako wewe CNA

Sheria ya shirikisho inadai mafunzo ya saa 75 tu kwa kazi yako, na wasaidizi wa kulisha wanaolipwa wanapata saa 8. Hao wa saa 8 hawaruhusiwi kumlisha mkazi mwenye shida kubwa ya kumeza. Ukiona wanawekwa hapo, mwambie muuguzi.

Usimlishe mtu ambaye hujaona mpango wake, hata kama umetumwa kuziba nafasi ya mwenzako na jengo ni geni kwako. Hasa kama ni geni kwako. Kadi ikitofautiana na sahani, sinia linarudi jikoni; usilirekebishe kwa kukatakata. Ukiachiwa wazee wengi kuliko unavyoweza kuwaangalia, mwambie msimamizi, kisha andika: saa ngapi, ulimwambia nani, alijibu nini. Usiandike umesimamia mlo ambao hukuusimamia. Mambo yakiharibika, sahihi yako ndiyo itakayosomwa kwanza.

Ukishuku kosa la jinai dhidi ya mkazi, sheria inakutaka wewe binafsi uripoti kwa polisi na kwa idara ya jimbo: ndani ya saa 2 kama kuna jeraha kubwa, vinginevyo ndani ya saa 24. Makao hayaruhusiwi kukuadhibu kwa kuripoti. Najua wengi wenu mnawaza kibali cha kazi na familia inayosubiri fedha nyumbani. Kwa hiyo ripoti kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Anaposakamwa: hatua

1. Muulize, umepaliwa? Akikohoa kwa nguvu au akisema, mwache akohoe, mwinamishe mbele kidogo, usimwache. Usimpe maji. Ile desturi yetu ya kumezesha tonge la ugali ili lisukume mwiba, hapa inaua.
2. Akishindwa kutoa sauti, kukohoa au kupumua, piga kelele ya msaada na umtaje mtu mmoja apige 911.
3. Mwinamishe mbele, mpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega, mara 5.
4. Bado? Simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu na chini ya mfupa wa kifua, vuta ndani na juu kwa nguvu, mara 5.
5. Rudia 5 na 5 mpaka kitoke au azimie.
6. Akizimia, mlaze sakafuni, anza kubonyeza kifua mara 30 na kupulizia pumzi 2. Kila mara kabla ya kupulizia, tazama mdomoni; toa unachokiona tu. Usichokoe kooni kwa kubahatisha.

Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, funga breki na ufanye hayo ukiwa nyuma ya kiti, umepiga goti ikibidi. Mikono ikishindwa kuzunguka tumbo, vuta kwenye kifua. Hata akipona palepale, apelekwe hospitali kuangaliwa.

Kuanza na mgongo ndiko kunakoelekezwa na Shirika la Moyo la Marekani katika mwongozo wake wa 2025. Kuvuta tumbo kulielezwa na daktari Henry Heimlich mwaka 1974. Mei 2016, akiwa na miaka 96, aliitumia mwenyewe mbinu hiyo kumwokoa mwanamke wa miaka 87 aliyeketi naye meza moja katika makao ya wazee mjini Cincinnati, kipande cha nyama kikiwa kimemkwama. Kwa hiyo usiambiwe kwamba mzee "ni dhaifu mno" kuokolewa.

ONYO kuhusu DNR. Agizo la DNR, yaani la kutomfufua mtu, linahusu moyo uliosimama. Mzee anayesakamwa moyo wake bado unapiga, na anastahili hatua ya 1 hadi ya 5 kama mtu mwingine yeyote. Wapo wafanyakazi waliosimama kutazama kwa sababu waliona herufi hizo tatu kwenye faili. Lizungumzeni kwenye kikao cha mpango wa huduma, liandikwe.

Ukiona kosa kabla halijaua

Sinia lisilo lake ni tukio la kuripoti hata kama hakula. Anza na muuguzi wa zamu, halafu mkurugenzi wa uuguzi kwa maandishi. Lisiporekebishwa, una milango miwili. Mmoja ni idara ya jimbo inayokagua makao, ambayo hupokea malalamiko hata yasiyo na jina. Mwingine ni mtetezi wa wakazi, anayeitwa ombudsman. Kila jimbo linaye, hatozi chochote, na hatoi siri bila ruhusa. Humjui wa eneo lako? Piga 1-800-677-1116, huduma ya taifa ya kuwaelekeza wazee na familia zao.

Andika hivi: *"Jumanne tarehe 3, saa 11:40 jioni, chumba cha chakula cha ghorofa ya 2. Kadi ya sinia: ngazi ya 5. Sahani: mkate uliokaushwa na soseji nzima. Hakukuwa na msaidizi mezani kwa dakika 15. Nilimwambia muuguzi wa zamu saa 11:55. Picha zimeambatanishwa."*

Usiandike: "Hawamjali mama yangu." Ni kweli pengine, lakini mkaguzi hana pa kuanzia.

Ikiwa amefariki

Simu itakuja na maneno kama "moyo ulisimama wakati wa chakula". Tangu mwaka 1963 madaktari wanajua mtego huu, pale daktari wa uchunguzi wa vifo huko Florida alipoeleza vifo vya ghafla mikahawani vilivyodhaniwa ni vya moyo, kumbe nyama imeziba koo. Kwa hiyo:

1. Uliza na uandike: alikuwa anakula nini, nani alikuwepo, 911 ilipigwa saa ngapi, nini kilitolewa kooni.
2. Piga simu ofisi ya uchunguzi wa vifo ya kaunti siku hiyohiyo. Kifo cha kusakamwa ni ajali, nao wanapaswa kujulishwa.
3. Fanya hivyo kabla mwili haujatiwa dawa ya kuuhifadhi. Jamii zetu zina haraka njema: michango inapatikana, tiketi inakatwa, mwili unaelekea Nairobi, Bukavu au Dar es Salaam, na ushahidi unazikwa nao. Kama ni Waislamu na mnataka kuzika upesi, mwambieni mchunguzi tangu mwanzo. Baadhi ya majimbo huiruhusu familia kupinga upasuaji kwa sababu za dini, lakini maelezo yenu na uchunguzi wa nje bado vinaweza kuandikwa.
4. Peleka barua au barua pepe kwa makao kuwataka wahifadhi kadi ya sinia, rekodi za jikoni, ratiba ya zamu na picha za kamera. Picha hizo hujifuta zenyewe.
5. Peleka malalamiko idara ya jimbo hata kama hutaki fidia. Ripoti yao itasomwa na anayetafuta nafasi ya mama yake.
6. Tafuta wakili wa kesi za makao ya wazee. Wengi wao hulipwa sehemu ya fidia mkishinda, hawadai fedha mwanzoni. Muda wa kushtaki hutofautiana kwa jimbo; Tennessee ni mwaka 1 tu. Arobaini, makaburi na mirathi vinaweza kuula mwaka huo wote, basi mpigie hata kabla hamjaamua kama mtashtaki.